Maswali ya Wasomaji: Malengo ya Mwalimu Yaanzie Darasani Mwake

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Wilaya ya Chamwino. Nafundisha Darasa la Kwanza katika shule ya msingi ya serikali, nikiwa na cheti cha ualimu cha Daraja la III A. Mwanzoni mwa mwaka mwalimu mkuu alitutaka kila mmoja aandike malengo yake ya kujiendeleza kitaaluma. Nikaandika matatu: kusoma shahada, kujifunza kompyuta, na kuwa mwalimu bora zaidi. Karatasi yangu ilirudishwa ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu, "Hayapimiki." Shahada naitamani kwa dhati, ila nina watoto wanaosoma na kwa sasa ada ya chuo siimudu. Je, mwalimu asiyekwenda chuoni anaweza kuhesabiwa kuwa anajiendeleza? Na malengo yanayopimika huandikwaje?

JIBU: Mwalimu, anaweza kabisa, na wala hili si la kukufariji tu. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yamejengwa juu ya wazo hilohilo: kwamba mwalimu ajifunze akiwa shuleni kwake, pamoja na wenzake katika jumuiya ya kujifunza, badala ya kungoja semina ya siku chache inayofanyika mbali na wanafunzi wake. Kwa hiyo ondoa kwanza dhana kwamba kujiendeleza ni kuongeza vyeti. Cheti kina faida zake katika utumishi, lakini mtoto aliyekaa mbele yako leo hanufaiki nacho mpaka kitu fulani kibadilike katika namna unavyomfundisha.

"Kuwa mwalimu bora zaidi" ni nia njema ambayo hata anayestaafu kesho anaweza kuiandika. Lengo hupatikana pale unapojua hasa ni wapi wanafunzi wako wanakwama, na wewe unakosa ujuzi gani wa kuwakwamua. Jaribu hivi: mwite mtoto mmoja mmoja pembeni, umwandikie silabi mlizokwisha kuzisoma, lakini uzivuruge, kwa mfano mo, ba, ki, du, se. Wapo watakaosoma bila taabu. Wapo pia wale ambao kila asubuhi huimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti kubwa kuliko wote, lakini wakifika kwenye "du" peke yake wananyamaza au wanakutazama usoni wakitafuta jibu, kwa sababu walichokishika ni wimbo, herufi zenyewe bado hawazijui. Na katika vijiji vyetu, ambako watoto wengi huzungumza Kigogo nyumbani, utamkuta mwingine anayelisoma neno "kisima" sawasawa, ila ukimwuliza maana yake hana la kusema. Hayo ni matatizo mawili tofauti: la kwanza linahitaji ustadi wa kufundisha sauti za herufi, la pili ustadi wa kujenga msamiati wa Kiswahili kwa vitendo, picha na mazungumzo. Mwalimu akiyachanganya, atamrudisha kwenye silabi mtoto ambaye hana shida ya silabi.

Ukishajua lipi limekuzidi, lengo linajiandika. Tuseme ni sauti za herufi. Unaweza kuandika: "Kufikia mwisho wa Mei, nitakuwa nimejifunza na kutumia darasani njia mbili mpya za kufundisha sauti za herufi, na kila Ijumaa nitawapima wanafunzi kumi kwa silabi zilizovurugwa na kutunza matokeo yao katika daftari." Hapo kuna kitu unachojifunza wewe, kuna muda, na kuna ushahidi ambao mwalimu mkuu anaweza kuufungua na kuusoma. Zingatia pia majira. Hapa kwetu mvua ni za msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na katika miezi ya kulima na kupalilia mahudhurio huweza kupungua. Kwa hiyo usipange vipimo vikubwa katika kipindi ambacho nusu ya darasa huenda wako shambani, ukaja kujihukumu kwa matokeo ambayo si ya ufundishaji wako.

Sehemu ambayo walimu wengi tunaipoteza ni ile ya mwisho katika andalio la somo, panapoandikwa tathmini na maoni. Karibu kila siku huandikwa "Somo limeeleweka" na basi. Ukiandika badala yake, "Watoto sita hawakutofautisha b na d, kesho nitaanza na herufi za kukata kwa karatasi ngumu," baada ya miezi mitatu utakuwa na kumbukumbu ya kukua kwako ambayo hakuna cheti kinachoweza kuionyesha. Mwombe pia mwenzako akae nyuma ya darasa dakika ishirini, kazi yake ikiwa moja tu: kuandika ni watoto gani waliopata nafasi ya kusema. Wenye kunyoosha vidole daima huwa ni walewale, na mwalimu aliye mbele si rahisi kuliona hilo.

Kuhusu kompyuta, taja utakachoifanyia. Kutumia simu yako kusoma moduli za MEWAKA katika mfumo wa Taasisi ya Elimu, au kufungua vitabu katika maktaba yake ya mtandaoni, ni lengo tosha la kuanzia.

Shahada iache katika mpango wa miaka ya mbele. Mwenye cheti kwa kawaida hupitia stashahada kwanza, isipokuwa awe na ufaulu wa kidato cha sita unaokubalika chuoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo hapa Dodoma, huwawezesha watumishi kusoma bila kuacha kazi. Hata hivyo, omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kupitia kwa mwalimu mkuu kabla hujalipa senti.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa sekondari, Kongwa. Lengo langu la mwaka ni kuboresha ufundishaji wa uwiano, lakini vikao vyetu vya jumuiya ya kujifunza vimegeuka kuwa vya matangazo: unasomwa waraka, tunasaini, tunatawanyika. Nifanyeje?

JIBU: Nenda kikaoni na madaftari matatu ya wanafunzi. Chukua swali kama hili: ikiwa debe tatu za mahindi sokoni Kibaigwa ni shilingi 36,000, debe tano ni kiasi gani? Baadhi watajibu 38,000. Mwanafunzi huyo hakukosea kujumlisha. Ameona debe zimeongezeka mbili, naye akaongeza elfu mbili, kwa kuwa bado anafikiri kwa kujumlisha pale panapotaka kuzidisha. Waulize wenzako wangemsaidiaje afike 60,000 bila kumkaririsha kanuni. Mwalimu wa Fizikia au wa Jiografia ana la kuchangia, kwani uwiano anakutana nao katika vipimo na katika ramani. Matangazo mwombe mkuu wa shule ayahamishie kwenye kikao cha wafanyakazi. Na kama wewe ndiye mwalimu pekee wa Hisabati shuleni, mwone Afisa Elimu Kata akuunganishe na mwenzako wa shule ya jirani, mkutane hata mara moja kwa mwezi, kila mmoja akiwa na madaftari yake.