Kidole gumba kinanata: maswali ya shingo za besi za zamani

Fundi, baba mdogo ameniachia gitaa la besi, Fender Precision ya 1972. Mgongo wa shingo unang'aa sana, na nikianza kutoka jasho kidole gumba kinanata. Nikwangue vanishi yote nibaki na mbao? (Mombasa)

Usikwangue, ndugu yangu. Kinachonata ni ule mng'ao. Uso laini kama kioo hushikana na ngozi yenye jasho, na kwa joto la pwani utateseka kweli. Uchune kidogo tu, kidole kitapita.

Toa nyuzi. Ziba pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) kwa tepu ya karatasi kabla hujagusa kingine, maana zina sumaku, na chembe za stilwuli, yaani sufi ya chuma ya kusugulia, zikishaingia humo kuzitoa ni kazi. Chukua stilwuli laini kabisa, ile ya sifuri nne (0000), usugue kwa kufuata urefu wa shingo, kutoka kwenye bodi hadi karibu na kichwa, bila kuzungusha mkono. Ukienda na kurudi mara kumi hivi, futa vumbi, kisha iinamishe shingo dirishani. Mwanga uliokuwa unakuchoma macho utauona umetulia, kama kwenye ganda la yai. Acha hapo. Rudisha nyuzi, piga wimbo mzima, ndipo uamue kama unataka zaidi. Mng'ao ukiukumbuka, polishi itaurudisha. Vanishi ya kiwandani ukishaikwangua, imekwenda.

Nitajuaje kama vanishi yangu ni laka ya zamani au poliesta?

Anza na mwaka. Fender walitumia laka ya nitroselulosi kwa muda mrefu, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 wakahamia poliesta, ambayo ni nene na ngumu zaidi. Kama bado una shaka, lowesha ncha ya pamba kwa tina (ile ya kuzimulia rangi), uguse ubavu wa kisigino cha shingo, sehemu inayofichwa na bodi. Laka italainika na kunata, poliesta haitishiki. Ikiwa ni laka, punguza mkono, maana ni nyembamba na hutoboka upesi. Rangi yake ya asali imeletwa na miaka, na mimi singeigusa kabisa ila kwa kitambaa kikavu.

Aliyeniuzia alishakwangua shingo yote. Sasa mbao inaanza kuwa nyeusi.

Hiyo ni mepo, mbao nyeupe inayokunywa jasho na uchafu. Ikiachwa uchi inavuta pia unyevu, nayo shingo inacheza: leo nyuzi ziko juu, wiki ijayo zinagonga freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza uso wa shingo. Pitisha msasa namba 400, halafu 600, kwa mkono mwepesi, mpaka weusi upungue. Usiufukuze wote, utakula mbao na umbo la shingo litabadilika. Kisha paka Tru-Oil, mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya vitako vya bunduki. Tone dogo kwenye kitambaa, pakaa nyembamba, futa yaliyozidi, acha hadi kesho. Rudia mara tatu au nne.

Nakuomba sana jambo moja: vitambaa hivyo usivifinyange na kuvitupa kwenye pipa. Mafuta ya kitani yaliyomo hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji.

Na upande wa freti nao niusugue?

Hapana. Rozwudi, ile mbao ya kahawia iliyokolea, kwa kawaida haikupakwa vanishi, isafishe tu. Mepo yenye vanishi juu ya freti iache ilivyo.

Bei itashuka?

Ukiondoa vanishi ya asili, ndiyo, na sana. Wanunuzi wa magitaa ya zamani huanza kuangalia hapo. Ukichuna mng'ao wa mgongo tu, hasara ni ndogo, ila siku ya kuuza mwambie mnunuzi. Usiguse kichwa chenye stika ya jina. Na ukifungua shingo, angalia kisigino: mara nyingi utakuta tarehe iliyoandikwa kwa penseli au kupigwa muhuri. Msasa usifike hapo.