Haibridi ama petroli ya kawaida: hiyo pesa ya juu itarudi lini?

Mwezi huu mmetuuliza sana juu ya magari ya haibridi, yale yenye injini ya petroli pamoja na mota ya stima, pengine kwa sababu ya bei ya mafuta. Tumechukua maswali matatu, la kwanza tumelijibu kwa urefu manake wengi mko kwa hali hiyo hiyo.

SWALI: Habari zenu. Mimi naishi Rongai na kazi iko Upper Hill, kila asubuhi napita Magadi Road na Lang'ata Road na kabla nifike kazini lazima nishukishe watoto shule. Sacco imekubali kunipa mkopo na nimeona Toyota Fielder mbili kwa yadi moja ya magari huko Ngong Road, rangi moja, mwaka mmoja, tofauti ni kwamba moja ni haibridi na bei yake imeshinda ya ile ingine kwa shilingi 250,000. Mwenye yadi ameniambia itanipa kilomita 33 kwa lita. Kaka yangu naye anasema nisiiguse kabisa, ati betri ikikufa nitauza shamba. Nimsikize nani? — Mama wa Wawili, Rongai

JIBU: Mama wa Wawili, asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Kwanza tuiondoe hiyo 33. Si uongo, lakini si ya hapa. Fielder ya haibridi ilipotoka Japani 2013 ilitangazwa kilomita 33 kwa lita kwa kipimo chao cha JC08, yaani gari inapimwa ikiwa juu ya mashine, magurudumu yanazunguka papo hapo, hakuna mlima, hakuna matatu ya kukukatia mbele pale Bomas. Nairobi ukipata 18 ama 20 uko sawa, na mimi nitatumia 18 tusijidanganye. Ile ya kawaida ya injini ya cc 1500 kwa jam yako tuipe 11.

Sasa tuseme kazi, shule, kanisa na kuzunguka kidogo wikendi unafikisha kilomita 15,000 kwa mwaka. Bei ya petroli EPRA, mamlaka ya kawi, huibadilisha kila mwezi, Oktoba 2023 ilifika shilingi 217.36 kwa lita hapa Nairobi, lakini tuweke 180 ndio hesabu ikae rahisi. Fielder ya kawaida itakunywa lita 1,364 hivi, hiyo ni 245,000 na kitu. Haibridi itakunywa lita 833, hiyo ni 150,000. Unaokoa kama 95,000 kwa mwaka, karibu 8,000 kila mwezi.

Watu wengi wakifika hapo wanagawanya 250,000 kwa 95,000 wanasema miaka miwili na miezi saba pesa imerudi, wanaenda kununua. Lakini wewe unakopa. Sacco yako ikiwa inatoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua na ulipe kwa miaka 3, hiyo 250,000 itakula riba ya karibu 49,000, kwa hivyo bei yake kwako ni kama 299,000. Halafu kuna bima. Comprehensive, ile bima kubwa inayolipia hata gari yako mwenyewe, hupigwa kwa asilimia ya bei ya gari, tuseme 4, basi hiyo tofauti inakuongezea 10,000 hivi kwa mwaka hata kama hautawahi kugonga mtu. Ukitoa yote hayo unapata pesa yako inarudi baada ya kama miaka mitatu u nusu. Ama uiangalie hivi, hiyo 250,000 peke yake itakudai 8,300 kila mwezi kwa Sacco, na mafuta utakayookoa ni karibu 8,000. Kwa hivyo kwa miaka mitatu ya kwanza hautahisi faida yoyote mfukoni, mafuta yanalipa mkopo na inaisha hapo. Faida inaanza mwaka wa nne. Kama wewe ni mtu wa kubadilisha gari kila miaka mitatu, achana nayo. Kama utakaa nayo miaka 6 ama 7 hadi mtoto wa mwisho amalize shule ya msingi, hapo naona maana yake.

Na hiyo hesabu inakubali kwa sababu ya barabara yako, nataka ulielewe hilo vizuri. Haibridi hailipi kwa sababu ni haibridi, inalipa kwa sababu ya jam. Gari ya kawaida ukisimama dakika kumi pale Galleria injini inanguruma na mafuta yanaisha bure, haibridi inazima injini na inajisukuma polepole kwa mota ya stima, na kila ukikanyaga breki ile mota inageuka kuwa jenereta inarudisha nguvu kwa betri. Ndio maana hata pedi za breki zinakaa sana. Lakini mtu wa Athi River anayepanda Nairobi Expressway pale Mlolongo na kukimbia 80 mpaka Westlands hapati hiyo faida, manake hakuna pa kufunga breki na injini inafanya kazi muda wote. Huyo akilipa 250,000 zaidi atangoja miaka mingi irudi.

Sasa maneno ya kaka yako. Usimpuuze, betri ikikufa ni laki na kuendelea, na ndio sababu hiyo gari haifai kununuliwa kwa kuangalia rangi. Lakini pia si kweli kwamba zinakufa ovyo. Toyota wameuza haibridi tangu Prius ya 1997, na kompyuta ya gari haiachi betri ijae kabisa wala iishe kabisa, inaicheza katikati ndio idumu. Baridi yetu ya Nairobi pia inaisaidia, joto ndilo adui. Na hapo ndipo watu huua betri zao wenyewe bila kujua. Kwa Fielder betri iko chini ya kiti cha nyuma na kuna feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lenye wavu hapo hapo kitini. Watoto wakirusha sweta juu ya hilo tundu, ama vumbi la Rongai likijaa kwa wavu miaka miwili bila mtu kulisafisha, betri inapika pole pole mpaka siku moja taa inawaka kwa dashibodi. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache, mwambie fundi alifanye kila sevisi.

Ukienda yadi, nenda na fundi wa haibridi, si fundi yeyote, mwenye mashine ya kusoma betri bloku kwa bloku, yaani kila kikundi cha seli peke yake. Mwende barabarani mpande mlima na kushuka huku anasoma. Bloku zote zinafaa zipande na kushuka pamoja, moja ikianguka mbali na wenzake gari ikivuta, hiyo betri imeanza kuchoka. Hata wewe mwenyewe angalia dashibodi, alama ya betri ikijaa haraka na kuisha haraka kabla haujafika mbali, wachana nayo. Guza lile tundu la hewa, ukitoa kidole kimejaa vumbi zito ujue hakuna aliyeiangalia. Waulize pia karatasi ya mnada ya Japani ulinganishe kilomita, kurudisha mita nyuma kupo na sisi sote tunajua. Na tafadhali usikubali hadithi ya "tumebadilisha seli moja tu iko sawa", seli zingine zina umri ule ule na zitafuata.

Mwenye yadi pia mwambie akuandikie waranti ya betri, hata ya miezi sita. Akikataa kuandika wakati mdomo unasema iko sawa, utakuwa umepata jibu. Na usione hiyo 250,000 yote ni tamaa yake, ushuru wa KRA, mamlaka ya mapato, unaanzia kwa bei ya gari ikiwa mpya halafu inapunguzwa kulingana na umri, kwa hivyo gari iliyotoka ghali inaingia ghali. Lakini bado mpigie bei. Ikishuka hadi tofauti ya 180,000 na betri isomeke vizuri, mimi ningekuambia nunua ile haibridi. Ikibaki 250,000 na hataki kuandika waranti, chukua ya kawaida na utalala usingizi.

SWALI: Mimi ni dereva wa teksi za app, natokea Donholm, kwa siku napiga kama kilomita 150. Mwenye gari anataka kuninunulia ya mkataba na amenipa nichague kati ya Toyota Aqua na Nissan Note e-Power. Nisaidieni. — Dere wa Eastlands

JIBU: Kaka, kwako swali la kama haibridi inalipa lilishajibiwa na kilomita zako. Siku 26 kwa mwezi ni kilomita 3,900. Kwa hesabu ile ile ya juu unaokoa kama 24,800 kila mwezi, hata ukizidishiwa 250,000 kwa bei inarudi kabla ya mwaka kuisha.

Kati ya hizo mbili, e-Power ni tamu kuendesha mjini, injini yake ya cc 1200 haisukumi magurudumu hata kidogo, inazalisha stima tu na mota ndiyo inayosukuma, kwa hivyo kwa jam inateleza vizuri sana. Barabara kubwa ndipo hiyo faida hupungua. Lakini wewe unakula kwa hiyo gari, siku ikilala gereji haujalipwa na mkataba unakungoja. Aqua imejaa Nairobi, mafundi wameizoea na spea utaipata Kirinyaga Road bila kuzunguka mji mzima. Nenda na Aqua. Buti yake ni ndogo, wateja wa uwanja wa ndege wenye masanduku watakusumbua, lakini wa Jogoo Road na CBD watakulipa. Na kwenye huo mkataba iandikwe nani analipa betri ikikufa, msiachie hilo maneno ya mdomo manake hapo ndipo urafiki wa dereva na mwenye gari huvunjika.

SWALI: Nimestaafu, nakaa Kikuyu. Mwanangu anataka kuninunulia haibridi. Je, nitahitaji kuichaji na stima ya nyumba? Na mvua ikinyesha nikipita kwa maji haiwezi kunipiga shoti? Mimi siendeshi sana, mjini mara moja kwa wiki na Nakuru mara moja moja. — Mzee wa Kikuyu

JIBU: Mzee wetu, salamu nyingi. Haibridi za kawaida hazichajiwi na stima ya nyumba, zinajichaji zenyewe kutoka kwa injini na breki. Kuna aina nyingine za kuchomeka kwa stima, kama Mitsubishi Outlander PHEV, hizo ndizo zina tundu la chaja. Shoti usiogope, nyaya za nguvu nyingi zimefunikwa kwa rangi ya machungwa na hazijaunganishwa na bodi ya gari, na mfumo ukihisi stima inavuja unakuonya. Ila maji yakiingia mpaka kwa viti, betri iko pale chini na hiyo ni hasara kubwa, kwa hivyo barabara ikifurika kama ile Aprili 2024 geuza urudi.

Lakini mzee, mwambie kijana asante halafu umwombe akununulie ya kawaida. Wewe kwa mwaka hautapita kilomita 5,000 na nyingi ni za barabara kubwa. Hata tukikupa faida yote ya jam, unaokoa kama 32,000 kwa mwaka, na 250,000 ingerudi karibu miaka minane. Tena betri ya haibridi haipendi gari kukaa wiki nzima bila kuwashwa. Tafuteni Toyota Premio ama Axio ya petroli iliyotunzwa, na kwa ile pesa itakayobaki muweke tairi mpya nne na shokabsoba kabla ya safari ya Nakuru.