Bondi ya maji ya mvua haiishi kwa sababu umemaliza kujenga

Kwetu ukisema umeweka kitu bondi, watu wanaelewa umeacha simu au televisheni kwa mkopeshaji. Ndiyo maana dada yangu wa Morogoro alishtuka nilipomwambia kaunti inanidai bondi. "Kaka, umeweka nini tena, gari?" Nilicheka. Baadaye niliona hakukosea sana.

Nipo Maryland, Marekani, najenga nyumba chache chache za kuuza. Huku ukivuruga ardhi kuanzia futi za mraba 5,000, lazima uonyeshe maji ya mvua yatakwenda wapi, kwa kuwa paa na lami zako hazinywi maji. Ukifika ekari moja kuna kibali kingine tena, kinachotokana na Sheria ya Maji Safi ya 1972. Kaunti nayo inataka uhakika kwamba ukiishiwa hela katikati, mabwawa na mabomba hayatabaki mashimo. Uhakika huo ndio bondi.

Usiichukulie kama bima. Gari likigongwa, bima inalipa na habari inaishia hapo. Kampuni ya dhamana, ile inayokutolea bondi, ikiilipa kaunti, inakugeukia wewe uirudishie, ikiwa na mkataba uliousaini mwenyewe. Mimi na mama watoto tulisaini wote wawili. Yeye ndiye aliyeuliza, kalamu mkononi, "Na nyumba tunayoishi imo?" Wakala wa kampuni akajibu imo. Mimi kurasa hizo nilikuwa nimezipitia juujuu tu. Mpe wakili azisome, hata kama ni saa moja ya kulipia.

Bondi yangu ilikuwa ya dola 84,000, kufuata makisio ya mhandisi, na ada ilikuwa asilimia 2, yaani dola 1,680. Nilidhani nalipa mara moja. Kumbe ni kila mwaka, mpaka kaunti iandike barua ya kuifungua, yaani kukuachia. Ungeweza kuweka fedha taslimu, lakini zitalala huko wakati mafundi wanakudai. Barua ya dhamana ya benki nayo inakula kiasi ambacho benki ingekukopesha. Kwa mjenzi mdogo, bondi bado ndiyo nafuu.

Sasa nilipoumia. Mradi wangu ulikuwa na bustani ya kuchuja maji: shimo lenye kokoto na bomba la matundu chini, juu yake mchanga uliochanganywa na mboji, kisha mimea. Kijiko, ile mashine ya kuchimba, kilikuwa bado eneoni, na sikutaka kukilipia kurudi, basi nikaamua bustani imalizwe kabla nyasi za viwanja hazijashika. Ikanyesha mvua ya siku mbili. Tope likaruka uzio wa kitambaa na kujaa humo. Mkaguzi alipokuja alifungua kifuniko cha bomba la plastiki lililosimama katikati, akateremsha futi kamba, akaitoa imelowa. Ilikuwa siku ya nne tangu mvua ikatike, na maji yalikuwa bado hayajapita. Hakusema mengi: "Chimbua, weka udongo mpya." Kijiko kikarudi, na ada ya mwaka mwingine nikalipa.

Kwa hiyo bustani ya kuchuja iwe kazi ya mwisho kabisa, viwanja vyote vikiwa na nyasi, hata kama fundi ananung'unika. Na mwite mpimaji kabla mabomba hayajafukiwa. Kaunti haifungui bondi bila mchoro unaoonyesha kilichojengwa kweli, wenye muhuri wa mhandisi, na mhandisi hatapiga muhuri kwenye kitu asichokiona. Mimi niliokolewa na picha za simu, futi kamba ikionekana kwenye kila kina. Uliza pia kama wanapunguza kiasi cha bondi kadiri kazi inavyokamilika. Kaunti nyingine hukubali, ila hawatakwambia usipouliza.

Kuuza nyumba ya mwisho hakukutoi kwenye bondi. Mimi nilikuwa nimeshakabidhi funguo zote huku jina langu bado lipo, na mkazi mmoja akaanza kumwaga majani aliyofyeka juu ya kokoto za mlangoni mwa maji. Niliongea naye kwa upole, nikiwa na reki mkononi.

Barua ilipotoka hatimaye, nilimpelekea wakala siku hiyohiyo, nikampigia kuhakikisha ameipata. Ankara ya mwaka uliofuata alikuwa ameshaiandaa.