Acha marashi, shika sarafu: ninavyofundisha msambao siku hizi

Kwa miaka kadhaa nilifundisha msambao, au difyusheni kama tunavyoiita ofisini, kwa chupa ya marashi. Napuliza mbele ya darasa, na wanafunzi wa Kidato cha Pili wananyoosha mikono kadiri harufu inavyowafikia. Somo tamu, kengele inalia, naondoka nimeridhika. Mpaka siku binti wa dawati la nyuma aliponyoosha mkono kabla ya wenzake wote wa mbele. "Mwalimu, huku imeshafika!" Dirisha lilikuwa wazi mgongoni kwangu. Upepo ulikuwa umemfikishia.

Ndipo nikakubali kwamba muda wote nilikuwa nafundisha mikondo ya hewa. Katika hewa iliyotulia kabisa, harufu kuvuka chumba kwa msambao peke yake ingechukua siku kadhaa.

Hilo lingerekebishika. Lililonisumbua zaidi ni ile sentensi ya daftari: chembe hutoka penye wingi kwenda penye uchache. Wote wameikariri. Ukiuliza kwa nini zihame, wanakwambia: "Zimebanana, zinatafuta nafasi." Yaani chembe zimekuwa abiria wa daladala wanaochungulia siti tupu! Chembe haijui kulikojaa wala kulikopungua. Inagongwa tu na jirani zake, huku na kule, bila kukoma.

Sasa natoka nao uwanjani. Nachora mistari sambamba ya chokaa, hatua moja kati ya mstari na mstari, na darasa zima linajipanga kwenye mstari wa katikati. Kila mmoja ana sarafu ya shilingi mia. Ikitua kwa sura ya Mwalimu Nyerere, hatua moja kulia. Kwa swala, hatua moja kushoto. Nawakataza kuchagua pa kwenda. Tukirusha mara nne, kundi limeanza kufumuka. Mara kumi na sita, limetapakaa, ingawa hakuna aliyeamua kuondoka katikati. Kila mwaka yupo anayejikuta amerudi palepale alipoanzia, na wenzake wanamcheka. Huyo ni wa thamani sana kwangu, kwa sababu kwa sentensi ya daftari pekee hawezi kuelezeka. Usiwaache wasimame mapema. Waendelee kurusha, waone kwamba hata kundi likishatapakaa kila mtu bado anatembea; wengi wao huamini kuwa chembe zikishaenea sawasawa hulala.

Wahesabu pia. Mirusho 4 humsogeza mtu hatua kama 2 hivi kutoka katikati. Mirusho 16, hatua kama 4. Umbali mara mbili, muda mara nne. Andikeni ubaoni, mtaihitaji.

Ndani ya maabara natumia punje ya pamanganeti, ile ya zambarau. Naishusha kwa mrija hadi chini ya glasi ya maji baridi, nachomoa mrija taratibu, kisha glasi inaingia kabatini Ijumaa. Maji ya moto usiyatumie siku ya kwanza: yanajizungusha yenyewe na utarudi kulekule kwa marashi. Jumatatu rangi imepanda upana wa vidole viwili tu hivi, na wanashangaa kwamba siku tatu zimezaa hicho. (Waambie wasishike kwa mikono. Doa lake kwenye shati jeupe nililielezea kwa mzazi mara moja, inatosha.)

Hapo ndipo ile hesabu ya ubaoni inapofanya kazi. Oksijeni ndani ya maji huvuka sehemu 1 ya 100 ya milimita, karibu upana wa seli, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Sentimita 1 ni saa kama 7. Mita 1 ni miaka kama 8. Nawauliza: kutoka mapafuni hadi kidole cha mguu je? Darasa linanyamaza, halafu mmoja anasema polepole, "Ndiyo maana kuna moyo."

Mwaka jana kijana mmoja hakuridhika. "Mwalimu, tegu, yule mnyoo bapa wa utumboni, anafika mita kadhaa, na hana moyo." Sikumjibu. Nilichana ukurasa wa daftari ukanda mrefu mwembamba, nikampa aushike. Aliugeuza, akautazama ubavuni, akacheka.