Punje za silika: jua halitoshi

SWALI: Naishi Mombasa. Kamera na lenzi zangu zimo kwenye boksi la plastiki la lita 20, pamoja na vipakiti kumi vya silika (punje za kunyonya unyevu) vilivyotoka kwenye maboksi ya viatu. Kila mwezi navianika juani kutwa na kuvianua jioni, lakini kipima unyevu hakishuki chini ya asilimia 70. Vimekufa? Oveni sina.

JIBU: Havijafa, ni vichache, tena havikauki vizuri. Silika huachia maji yake vizuri kwenye nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi, joto ambalo jua halifikii. Juani hutoa sehemu tu, na jioni hewa inapopoa hunywa tena kabla hujafunga boksi.

Vipakiti kumi vya gramu 2 ni gramu 20 tu. Hewa ya boksi lako haina hata gramu 1 ya maji. Mengi yamo kwenye sponji na mikanda ya kamera, na mengine hupenya kwenye mfuniko usio na mpira. Nunua punje zisizofungwa kwenye vipakiti, utie gramu 200. Kwa lenzi, asilimia 40 hadi 50 inatosha.

Kukausha bila oveni: tandaza mchanga mkavu wa sentimita 3 ndani ya sufuria kubwa, juu yake uweke sufuria ndogo yenye punje, kina kisizidi sentimita 2. Punje zitoe kwenye vipakiti kwanza, maana karatasi huungua na plastiki huyeyuka. Moto uwe mdogo, kipimajoto kichomekwe ndani ya punje, na ugeuze kwa mwiko kila dakika 10. Baada ya saa moja, shikilia mfuniko wa kioo ulio baridi juu yake kwa sekunde chache. Ukiingia ukungu, maji bado yanatoka. Mizani ya jikoni ndiyo shahidi wa kweli: pima kila baada ya dakika 20 mpaka uzito usishuke tena. Gramu 260 zilizoshiba zinaweza kurudi karibu 200.

Usiharakishe kwa moto mkali. Punje zilizojaa maji hupasuka zikawa vumbi, nalo si la kuvuta puani wala kukaribisha kwenye lenzi. Zile za rangi ya chungwa (hugeuka kijani zikishiba) zikiungua huwa kahawia na hazibadiliki rangi tena, ingawa bado hunywa maji.

Zifunike zipoe hadi uvuguvugu, kisha papo hapo ndani ya chupa yenye mfuniko unaobana.

SWALI: Zangu ni za buluu, hugeuka waridi. Nitumie sufuria ya mboga?

JIBU: Hapana. Rangi hiyo kwa kawaida ni kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Tenga sufuria na mwiko wake, fungua madirisha, na usizitie kamwe kwenye kopo la chakula.