Gia za mkono au otomatiki kwenye gari la kasi?

Mdogo wangu, umeuliza kama ni kweli Porsche ya otomatiki ni ya wasiojua klachi. Hapana, kwa mwendo otomatiki imeshinda zamani. Chukua Porsche 911 GT3 ya toleo la 992: ya PDK, yaani otomatiki ya Porsche, inafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4, ya gia za mkono 3.9. Dereva ni yuleyule, mguu tu ndio umechelewa.

Ila hiyo otomatiki usiifananishe na ya IST zetu hapa Kigoma. PDK ina klachi mbili: moja inashika gia 1, 3, 5 na 7, nyingine inashika 2, 4 na 6. Ukiwa gia ya tatu, ya nne imeshaingia inasubiri. Klachi moja inaachia, nyingine inapokea, na nguvu haikatiki. Mkono wa binadamu hauwezi hilo, hata wa madereva wa mabasi ya Kasulu.

Sasa mbona gari za gia za mkono bado zinauzwa? Raha! Mwaka 2013 Porsche walitoa GT3 ya PDK peke yake, wapenzi wakalalamika, 2017 gia za mkono zikarudi. Mimi mwenyewe ningechukua ya mkono, nishuke nayo kutoka Mwanga hadi stesheni kwa gia ya pili, injini ikilia. Matuta lakini... chini kungebaki nini sijui.