Kusafishwa meno kila miezi sita: nani kaiweka hiyo tarehe?

SWALI: Bi Daktari, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli, nina miaka 38, nakaa Wete. Mwezi wa Januari nilikwenda Unguja harusini, nikaona bora nipitie kliniki moja ya binafsi nichunguzwe meno, maana tangu nimzae mtoto wa mwisho sijapimwa. Sikuwa na maumivu yoyote. Daktari kaniambia meno mazima, akanisafisha kama dakika ishirini, nikalipa shilingi 50,000. Sasa hii Julai wamenipigia simu ati zamu yangu imefika, na nisipokwenda meno yataharibika. Nikihesabu na nauli ya boti kwenda na kurudi, ni fedha nyingi. Fizi zangu hazitoki damu, napiga mswaki asubuhi na usiku, tambuu sitafuni. Kweli ni lazima? Halafu kuna mume wangu, ana kisukari na tambuu haimtoki mdomoni. Akitafuna muwa naona damu kwenye makapi, mwenyewe anasema ni mambo ya umri. Yeye hajasafishwa meno hata siku moja.
Mama wa Watatu, Wete

JAWABU: Waalaykum salaam, mwalimu. Usipande boti. Kwa kinywa ulichonieleza, zamu hiyo ya Julai iache ikupite.

Kazi hii nimeifanya hapa Pemba miaka 26, na wengi wanaokuja kwangu huja shavu limevimba, wanataka jino ling'olewe leo leo. Kwa hiyo usinidhanie napinga kusafishwa meno. Laiti nusu yao wangekuja kukwanguliwa mapema, koleo langu lingepumzika. Ninachokikataa ni tarehe moja kwa watu wote, na khasa kumtisha mtu mzima kwa simu.

Kwanza ujue tunachokisafisha ni nini. Ule utando laini unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi ni vijidudu vilivyojishika kwenye jino. Huo mswaki unautoa. Ukibaki mahali mswaki haufiki, madini yaliyomo kwenye mate huingia ndani yake, na baada ya siku chache unaanza kuwa mgumu. Huo sasa ndio ukoga, wengine wanauita ugaga, na ukishaganda hata usugue mpaka mkono ufe ganzi hautoki, mpaka uje kwetu. Chukua kioo na tochi ya simu, angalia meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi. Pale ndipo mate yanapochimbuka, na ukoga hupenda kujenga papo hapo. Mahali pengine ni magego ya juu, upande wa shavuni, kwa sababu hiyo hiyo.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa mswaki wa mti, hautoki mfuko wa kanzu, kila sala lazima aupitishe. Mswaki ule ni mzuri na ni sunna, lakini nimeona vinywa vingi vya wazee wa namna yake: mbele kunang'aa, ukigeuza kioo nyuma ya meno unakuta jabali. Mti hauna kosa, ni mkono tu haufiki huko.

Mvuvi mmoja wa Wesha alikaa kwenye kiti changu na jabali la miaka chungu nzima. Nilipolibandua lilitoka kipande kimoja, rangi ya kahawa, kimefuata umbo la meno manne kama kalibu. Alikiweka kiganjani akakigeuzageuza. "Bi Daktari, hawa si chaza wa chini ya mashua?" Nikamwambia arudi baada ya mwaka. Akacheka, akanieleza kuwa wao mashua hawaikwangui kwa kalenda. Wanaipandisha wakiona imeota, na iliyofungwa tu bila kutembea huota mapema kuliko inayokwenda bahari kila siku. Nilinyamaza, maana hicho ndicho nilichotakiwa kumwambia mimi.

Na walioyapima haya kwa hesabu wamefika karibu na pale pale alipofika mvuvi wangu. Scotland na kaskazini mashariki ya England waliwachukua watu wazima 1,877 katika kliniki 63 za meno, wakawagawa: hawa wasafishwe kila miezi sita, hawa kila mwaka, hawa wasipangiwe kusafishwa kabisa. Wakawafuata miaka mitatu, matokeo yakachapishwa 2018. Fizi za makundi yote matatu zilitoka damu sawasawa. La kuchekesha ni kwamba watu wenyewe walipenda kusafishwa na walikuwa tayari kulipia. Siwalaumu, na mimi napenda ulimi unavyoteleza baada yake. Lakini shika hili: hao walikuwa watu wanaokwenda kwa daktari mara kwa mara, na wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hawakuingizwa. Asije mtu mwenye meno yanayocheza akanisomea jawabu hili.

Kwani watu hatulingani. Huko Sri Lanka kulikuwa na vibarua wa mashamba ya chai, 480, walioanza kuchunguzwa mwaka 1970 na kufuatwa miaka 15. Hawakuwa na mswaki wala daktari wa meno. Ukoga walikuwa nao, fizi zilikuwa zimevimba, lakini asilimia 11 ugonjwa haukuvuka hapo kwenye fizi. Asilimia 81 ulikwenda pole pole. Asilimia 8 ulikwenda mbio, na kabla ya kutimiza miaka 45 walikuwa vibogoyo. Shamba moja, chakula kimoja, uchafu mmoja. Sasa hao wote utawapa tarehe ipi moja?

Waingereza nao katika miongozo yao, tangu 2004, wanamwambia daktari ampangie kila mtu mzima muda wake wa kurudi, kuanzia miezi 3 mpaka 24. Na hapo ni kurudi kuangaliwa. Kuangaliwa na kukwanguliwa ni mambo mawili, ingawa kliniki nyingi zinayafunga mtumba mmoja. Wewe uangaliwe mara moja kwa mwaka au hata miaka miwili, hapo hapo Pemba, na daktari akiona ukoga ndipo akukwangue. Mimi mwenyewe meno yangu ya chini hushika haraka. Mwenzangu wa kazini hunikwangua kila baada ya mwaka na kitu. Dada yangu tumbo moja, sijaona cha kumkwangua.

Jengine: kusafishwa hakuzuii jino kutoboka. Kutoboka ni sukari na vijidudu. Kinga yake ni dawa ya mswaki yenye floraidi na kupunguza vile vikombe vya chai tamu na kashata za kila saa. Kliniki ikikwambia usiposafishwa Julai meno yatatoboka, hapo imechanganya mafaili.

Sasa tuje kwa mzee wa nyumbani. Katika barua yako kapata mistari mitatu, na kwangu mimi yeye ndiye barua yenyewe.

Damu kwenye makapi ya muwa si mambo ya umri. Fizi nzima haitoki damu kwa kutafuna, uwe na miaka 20 au 70. Kisukari kinaifanya fizi ishindwe kupigana na vijidudu, na fizi iliyooza nayo inaifanya sukari iwe ngumu kushuka. Kila mmoja anamchochea mwenzake. Akitibiwa fizi vizuri, sukari nayo hushuka kidogo. Haitoshi kuacha dawa zake, lakini ni faida.

Na hiyo tambuu. Chokaa na katu vinapaka meno ile rangi inayoficha ukoga usionekane, lakini hofu yangu zaidi ni popoo. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, imethibitishwa kuwa inasababisha saratani ya kinywa, na kabla ya hapo huweza kuikaza nyama ya shavu mpaka mdomo hauachami. Mjaribu leo usiku: mwambie apanue mdomo aweke vidole vyake vitatu vya kati, vimesimama wima, baina ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, au ukiona ndani ya shavu pana weupe usiofutika au kidonda cha zaidi ya wiki mbili, usingoje.

Mpeleke spitali ya karibu yenye daktari wa meno. Aende ameshakula na kumeza dawa zake, na aseme mwanzo kabisa kwamba ana kisukari. Kwake si kule kusafishwa kwako kwa dakika ishirini. Pengine watamchoma ganzi na kukwangua mpaka chini ya fizi, upande mmoja leo na mwengine wiki ijayo, kisha wamtake arudi kila miezi mitatu hivi. Hapo sasa tarehe ina maana yake, na zile 50,000 zako zimepata pa kwenda.

SWALI: Bibi yangu ananikataza kusafishwa meno. Anasema jirani yake alisafishwa, na baadaye meno yakaanza kucheza. Ni kweli? Kijana wa Micheweni

JAWABU: Bibi yako kaona kweli, ila kosa si la kukwangua. Mfupa unaoshika meno ya jirani ulikuwa umeshaliwa zamani, na ukoga ukayagandisha pamoja kama saruji. Ulipotolewa, ule ulegevu uliokuwepo ukajionyesha. Na pengo analolisikia mtu baina ya meno akishakwanguliwa nalo lilikuwepo, lilizibwa tu na ukoga. Ulimi utalichezea wiki moja kisha utalisahau. Msalimie bibi, na umuulize yeye mwenyewe amebakiwa na mangapi.